Mkonge na Kiu Yake

Ng'oa mche wa mkonge leo, uuweke juu ya jiwe juani, bila udongo wala tone la maji. Wiki mbili tatu baadaye utaukuta umesinyaa kidogo, majani ya chini yamegeuka manjano na mizizi ya zamani imekauka kama singa za ufagio. Uuchomeke ardhini mvua za vuli zinapokaribia, nao utatoa mizizi mipya na kuendelea na maisha. Mche wa muhindi usingefika jioni ya siku ya kwanza. Ndiyo maana kuanzia Tanga hadi Taita imejengeka imani kwamba mkonge haufi, haudai kitu, na ni wa kupanda pale ambapo mazao mengine yamekwisha kushindwa.

Imani hiyo ni kweli nusu. Mmea usiokufa kwa ukame ni kitu kimoja, na mmea unaomlipa mkulima wake ni kitu kingine. Wakulima wengi wanaoingia kwenye zao hili wanaahidiwa wa kwanza huku wakitarajia wa pili. Yapo mambo ambayo mkonge unayahimili kuliko karibu kila zao tunalolijua, na yapo mengine, ambayo hayahusiani kabisa na jua kali, yanayouangusha upesi. Kuyatenganisha kunahitaji kuujua mmea wenyewe: umeumbwaje, unakunywaje, unapumua saa ngapi.

Tuanze na jina, maana lina umri mkubwa kuliko mmea wenyewe katika pwani hii. Kabla ya mkonge wa mashambani kufika, Waswahili walikuwa tayari na neno mkonge. Walilitumia kwa mmea wa porini wenye majani manene yaliyosimama kama mapanga, ambao wanasayansi waliuita Sansevieria, na nyuzi zake zilisokotwa kamba. Mgeni alipokuja na majani ya namna hiyohiyo akapewa jina la mwenyeji, na mwenyeji akabaki kuitwa mkonge pori. Halikuwa kosa kubwa. Kwa mpangilio wa sasa wa wataalamu wa mimea, wote wawili wamo katika familia moja, Asparagaceae, na wote wawili wanatumia mbinu moja ya kuishi na kiu, kama tutakavyoona.

Mgeni huyo ni Agave sisalana, mzaliwa wa Mexico. Neno sisal, ambalo dunia inalitumia kwa nyuzi zake, ni jina la bandari ndogo ya Yucatán ambako nyuzi za mimea ya jamii hii zilipakiwa melini. Aliyeueleza kisayansi na kuupa jina, mwaka 1838, ni Henry Perrine, daktari wa Kimarekani aliyekuwa konseli wa nchi yake huko Campeche. Perrine ndiye pia aliyepeleka miche Florida. Alitaka kuanzisha huko mashamba ya mimea ya nchi za joto, lakini mwaka 1840 aliuawa katika kisiwa cha Indian Key wakati wa vita kati ya Marekani na Waseminole. Miche yake ikabaki, ikaota na kuenea yenyewe.

Nusu karne baadaye, Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo aliyeifanyia kazi kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida hiyohiyo. Iliyofika Hamburg ikiwa hai ilikuwa 200 tu. Iliyofika Tanga mwaka 1893 ilikuwa 62. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na miaka mitano baadaye watoto wake walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Msomaji aishike namba hiyo ya 62, maana itarudi.

Sasa tulitazame jani.

Jani la mkonge uliokomaa lina urefu wa mita moja hadi moja na nusu, na upana wa kama sentimita 10. Limenyooka, ni gumu, na upande wa ndani umebonyea kidogo kama mfereji. Kingo zake ni laini, tofauti na ndugu yake wa Yucatán, Agave fourcroydes, mwenye miiba pembeni kama meno ya msumeno. Silaha ya mkonge iko nchani: mwiba mmoja mfupi, mgumu, wa rangi ya kahawia inayoelekea nyeusi. Pitisha kidole juu ya jani na utaacha alama, kwa sababu ile rangi ya kijani yenye ukungu ni tabaka la nta. Nta hiyo ndiyo koti la mvua lililogeuzwa: kazi yake ni kuzuia maji yaliyomo ndani yasitoke.

Ukilipasua kwa kisu utakutana na nyama ya kijani hafifu, yenye majimaji na utelezi. Utomvu wake huwasha ngozi, na mkataji mgeni hujikuna siku nzima. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za uzito wa jani hilo ni maji. Katikati ya nyama zimepita nyuzi nyeupe, kama 1,000 kwa kila jani, kutoka shinani hadi nchani. Hizi ndizo singa, ambazo zikikaushwa na kupigwa brashi huwa katani. Kwa uzito hazizidi sana asilimia 4 ya jani. Kwa mmea wenyewe, singa ni mifupa: zinalishikilia jani lisimame hata linapopungukiwa na maji. Kamba ya meli, zulia na gunia vinatokana na mifupa ya tangi la maji.

Majani hayo yamepangwa kwa mzunguko kuzunguka kisiki kifupi kilichonenepa. Kila jani huanza likiwa limefumbwa ndani ya mkuki wa katikati, kisha hujitenga, huinama taratibu mwaka hadi mwaka, na mwisho hulala karibu na ardhi likisubiri kisu. Mpangilio huu una faida ambayo mtu huiona siku ya manyunyu. Kila jani linakinga maji na kuyatiririsha kwenye mfereji wake hadi kwenye shina, mahali hasa mizizi inapoanzia.

Na mizizi yenyewe ndiyo inayowashangaza wengi. Watu hudhani mmea wa ukame lazima uwe na mzizi unaozama mbali kama mgunga. Mkonge hauna mzizi mkuu kabisa. Una mizizi mingi myembamba inayotambaa kwa upana, na sehemu yake kubwa imo katika sentimita 40 za juu za udongo. Mvua ya nusu saa inayolowesha vumbi tu, ambayo mhindi hauifaidi, kwa mkonge ni mlo kamili. Park Nobel wa Chuo Kikuu cha California, aliyechunguza jamii ya agave na dungusi kakati kwa miaka mingi, alionyesha jambo jingine la ajabu kuhusu mizizi ya aina hii. Udongo unapokauka, mizizi husinyaa na kujitenga nao, ikaacha pengo jembamba la hewa. Pengo hilo huzuia udongo mkavu usiunyonye mmea maji uliyoyahifadhi. Mvua ikirudi, vimizizi vipya huchipuka haraka kuyapokea.

Yaani mkonge huufunga mlango wa chini wakati wa dhiki. Wa juu nao una ratiba yake.

Mimea karibu yote tunayoilima hufungua vinyweleo vya majani mchana ili kuingiza hewa ya kaboni, kwa sababu mchana ndipo mwanga ulipo. Kwa kufanya hivyo hupoteza maji mengi, maana mchana ndipo jua na upepo vilipo pia. Mkonge hufanya kinyume. Vinyweleo vyake hufunguka zaidi usiku, hewa ikiwa ya baridi na yenye unyevu. Hewa ya kaboni inayoingia hugeuzwa kuwa asidi na kuhifadhiwa ndani ya seli mpaka asubuhi. Jua likichomoza, vinyweleo hufungwa, asidi inavunjwa, na kaboni iliyofichwa usiku hutumika kutengeneza sukari kwa mwanga wa mchana. Kazi ya kuingiza malighafi ni ya usiku, ya kupika ni ya mchana, na mlango haufunguliwi jua likiwa kali.

Mbinu hii ilianza kujulikana kwa ulimi. Mwaka 1815 zilichapishwa habari za Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi India, aliyetafuna majani ya mmea mnofu, ule unaochipuza vitoto pembeni mwa majani yake. Alfajiri majani yalikuwa machachu, adhuhuri hayakuwa na ladha. Alikuwa anaonja ghala la asidi likijaa usiku na kumalizika mchana. Mkonge, mkonge pori, nanasi na dungusi kakati vyote vina ghala kama hilo.

Faida yake inahesabika. Kwa kila gramu moja ya hewa ya kaboni inayoingizwa, mimea kama ngano, mpunga na maharage hupoteza kwa kawaida gramu 400 hadi 500 za maji. Mahindi na mtama hupoteza 250 hadi 300. Mimea ya usiku kama mkonge hupoteza 50 hadi 100 tu. Hakuna mfumo wa umwagiliaji uliobuniwa na binadamu unaoweza kuifanya mboga iwe bahili kiasi hicho.

Lakini ubahili huo una bei, na hapa ndipo imani ya mkonge usiodai kitu inapoanza kupasuka. Ghala la asidi lina ukubwa wake. Likijaa usiku limejaa, na mmea hauwezi kukua kwa kasi kuliko akiba ya usiku mmoja inavyoruhusu. Mkonge ni wa polepole kwa maumbile. Miche midogo hukaa kitaluni mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, mpaka ifike kimo cha sentimita 40 au 50. Ikihamishiwa shambani, mkulima husubiri miaka miwili hadi mitatu kabla ya kukata jani la kwanza. Baada ya hapo mmea mmoja wa aina ya asili hutoa majani 200 hadi 250 katika uhai wake wote, ambao kwa kawaida ni miaka 7 hadi 12 kulingana na joto na mvua. Kila dhiki ambayo mkulima anaiachia ipite, iwe ya ukame, ya magugu au ya njaa ya udongo, humrudia kwa majani machache, mafupi, na kwa miaka ya ziada ya kusubiri.

Swali la mvua basi halijibiwi kwa neno moja. Mkonge unaishi kwenye milimita 500 au 600 za mvua kwa mwaka, na mashamba makubwa ya Kenya yaliyoko upande wa Voi na Mwatate katika Kaunti ya Taita-Taveta ni ushahidi. Huko mvua ni karibu nusu ya ile ya Tanga, na bado mistari ya mkonge inafika upeo wa macho. Ila vitabu vya kilimo vimekuwa vikisema tangu zamani kwamba mkonge hustawi vizuri zaidi penye milimita 1,000 hadi 1,250, zilizogawanyika vyema kama za masika na vuli. Tanga inapata kiasi hicho. Tanga haikuwa makao makuu ya mkonge duniani kwa sababu ni kavu. Ilikuwa hivyo kwa sababu ina mvua ya kutosha, udongo unaopitisha maji, joto la mwaka mzima, na reli ya kwenda bandarini.

Joto linalofaa ni la wastani wa nyuzi 20 hadi 28. Jalidi huuchoma majani, na mvua ya mawe huacha madoa yanayoharibu singa. Mwinuko kutoka usawa wa bahari hadi kama mita 1,800 unavumilika, ingawa juu huko ukuaji hupungua kasi na maisha ya mmea hurefuka.

Udongo ndio mahali pa kukaa zaidi, kwa sababu ndipo makosa mengi yanapofanyika.

Mkonge unapenda udongo wenye asili ya mawe ya chokaa, usio na tindikali nyingi, na zaidi ya yote usiotuamisha maji. Mizizi inayoweza kungoja mvua miezi kadhaa haiwezi kukaa ndani ya tope wiki kadhaa. Inakosa hewa, inaoza, na mmea unaanza kulegea huku umezungukwa na maji. Mkulima anayeliona shamba lake la bondeni likigeuka njano baada ya masika mara nyingi hutafuta ugonjwa, kumbe tatizo ni bonde lenyewe. Katika udongo mfinyanzi mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, ni busara kuachana na mkonge kabisa.

Jambo la pili ni njaa. Mmea unaovumilia udongo maskini hudhaniwa kuwa hauli. Mkonge unakula, na unakula sana kalsiamu na potasiamu. Kwa makadirio yanayotumiwa na wataalamu wa zao hili, kila tani moja ya singa inayotoka shambani imeondoka na kama kilo 60 za potasiamu, kiasi cha kalsiamu kinachokaribiana na hicho, na kilo 30 hivi za naitrojeni. Vingi vya virutubisho hivyo havimo ndani ya singa. Vimo kwenye nyama ya jani, ile inayobebwa hadi kiwandani, ikakwanguliwa na mashine ya korona, na kutupwa. Shamba likivunwa hivyo kwa miaka 40 bila kurudishiwa kitu, linapungua kama mfuko uliotoboka.

Hili limepimwa mkoani Tanga kwenyewe. Mtaalamu wa udongo Alfred Hartemink na wenzake walilinganisha sampuli za udongo wa mashamba ya mkonge zilizochukuliwa miongo tofauti. Walikuta kwamba pale palipolimwa mkonge mfululizo bila mbolea, tindikali imeongezeka na akiba ya kalsiamu, magnesiamu na potasiamu imeshuka. Mmea wenyewe husema mapema kwa anayejua kuusoma. Potasiamu ikipungua, jani hunyauka na kubana karibu na shina kana kwamba limefungwa kamba, kisha huvunjika hapo. Kalsiamu ikikosekana, ncha hujikunja na kugeuka zambarau. Kituo cha utafiti cha Mlingano, karibu na Ngomeni wilayani Muheza, kilianza kuzichunguza dalili hizi tangu enzi za ukoloni. Mtu anayesema mkonge hauhitaji mbolea anasema kinyume cha kazi ya miongo mingi iliyofanyika katika nchi yake mwenyewe.

Tatu ni magugu. Katika miaka miwili ya mwanzo mche wa mkonge ni mfupi, mizizi yake iko juu, na nyasi zina mizizi palepale zikikua mara kumi haraka zaidi. Ukivuliwa jua na kunyang'anywa maji ya juu, mche haufi. Unadumaa, na mche uliodumaa hauwezi kurudishiwa miaka yake. Ndiyo maana mashamba mazuri hupandwa mistari miwiliwili iliyosogeleana kwa mita moja, kisha nafasi ya mita tatu na nusu au nne kabla ya jozi inayofuata, mimea 4,000 hadi 5,000 kwa hekta. Nafasi ile pana ni njia ya wakataji baadaye, na mwanzoni mkulima mdogo anaweza kuitumia kwa kunde au maharage ili palizi ya mazao hayo iwe palizi ya mkonge pia.

Tumefika kwenye kuzaliana, na kwenye ile namba 62.

Mkonge huchanua mara moja tu maishani. Siku zake zikitimia, ule mkuki wa katikati hauzai jani tena. Unapanda mlingoti unaoweza kurefuka kwa sentimita 10 kwa siku, mpaka ufike mita tano, sita au zaidi. Akiba yote ya maji na sukari iliyowekwa kwa miaka mingi humiminwa humo. Juu hutoka matawi yenye maua ya kijani kinachoelekea njano, maua huanguka karibu yote bila kufunga mbegu, na mahali pake huota vichipukizi vidogo, miche kamili yenye majani na mizizi iliyokwisha kuanza. Mlingoti mmoja unaweza kubeba 2,000 au zaidi. Vinaanguka, vinaota, na mama anakauka amesimama. Wakati wa uhai wake tayari alikuwa ametoa maotea kutoka kwenye mashina yanayopita chini ya udongo.

Kukosa mbegu kuna sababu. Agave sisalana ina seti tano za kromosomu, na namba witiri namna hiyo hufanya ugawanyaji unaohitajika kutengeneza mbegu uvurugike. Kichipukizi cha juu na otea la chini vyote ni mwili uleule wa mama. Mkonge wa asili uliojaza Tanganyika, na mwingi uliovuka kwenda Kenya, kwa sehemu kubwa ni mmea mmoja ulionakiliwa mamilioni ya mara kutoka kwenye ile miche 62, ambayo nayo ilikuwa nakala. Kwa kiwanda ni neema, kwa sababu singa zinafanana. Kwa mkulima ni hatari, kwa sababu gonjwa likipata njia ya kuuangusha mmea mmoja limepata njia ya kuiangusha yote.

Watafiti wa Amani na Mlingano waliliona hilo mapema. Kwa kuwa mkonge wa kawaida haukubali kuzalishwa kwa mbegu, waligeukia ndugu zake wenye rutuba: Agave amaniensis, uliopewa jina kutokana na Amani katika milima ya Usambara, na Agave angustifolia. Wakawachanganya, kisha wakamrudisha chotara kwa mzazi wa Amani. Katika maelfu ya miche waliyoipima, mmoja wenye namba 11648 uliizidi yote. Chotara huyu hutoa majani zaidi ya mara mbili ya mkonge wa asili kabla ya kutoa mlingoti. Leo hata China, mbali kabisa na Usambara, mashamba ya mkonge yanamtegemea. Ni moja ya kazi kubwa za kilimo zilizowahi kutoka Afrika Mashariki, na inasikitisha kwamba Watanzania wachache sana wanaijua.

Hata hivyo chotara naye ana udhaifu. Hushambuliwa na kuoza kunakochora majani mistari kama ya pundamilia, ugonjwa unaoletwa na vimelea vya jamii ya Phytophthora, hasa penye maji yaliyotuama. Kuna pia madoa ya majani yanayobeba jina la Korogwe. Bungua wa mkonge, mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu aliyetoka Amerika kama mkonge wenyewe, hutoboa miche michanga shinani. Tazama jinsi maradhi ya pundamilia yanavyotupeleka palepale: maji kuzidi.

Mkonge pia si wa kupelekwa kila nchi kavu kwa sababu tu ni nchi kavu. Kusini mwa Madagascar, katika bonde la mto Mandrare, mashamba ya mkonge yalichukua nafasi ya sehemu za msitu wa miiba, msitu wenye mimea ya ukame isiyopatikana kwingine popote duniani. Ardhi inayoonekana kama haina kitu mara nyingi ina wenyewe.

Kuna kinyume kimoja kikubwa cha zao hili ambacho wapangaji husahau. Mmea hunywa kidogo, kiwanda hunywa sana. Jani lililokatwa linapaswa kukwanguliwa mapema, kabla utomvu haujakauka na kuzing'ang'ania singa, na korona inahitaji maji mengi ya kuosha singa ziwe nyeupe. Shamba linaweza kuwa nyikani, lakini kiwanda kinatafuta mto. Katika nyika za Bahia nchini Brazil, mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani leo, wakulima wadogo walikwepa tatizo hilo kwa mashine ndogo inayosogezwa shambani na kukwangua bila maji. Mashine hiyo imewakata vidole na mikono wafanyakazi wengi, na nchi yoyote inayofikiria kuiga njia ya Brazil inapaswa kuanza na jambo hilo.

Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za katani katikati ya miaka ya 1960, kisha ikaporomoka hadi kama sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho kufikia mwisho wa karne. Kamba za plastiki, bei ya soko la dunia na uendeshaji wa mashamba baada ya kutaifishwa vimeelezwa sana na wanauchumi. Kinachotajwa mara chache ni kwamba mashamba mengi yalikuwa na udongo uliochoka na yalijaa maotea na nyasi, na hakuna sera ya bei inayoweza kulifanya jani la nusu mita litoe singa ya mita moja. Sasa wakulima wadogo wanahimizwa kupanda, Bodi ya Mkonge inagawa maeneo na miche, na Mlingano huzalisha miche hata kwa njia ya maabara. Huko Hale, wilayani Korogwe, uliwahi kujengwa mtambo wa kutengeneza gesi na umeme kutokana na mabaki ya majani. Mabaki hayo, yakishatoa gesi, bado yana ile potasiamu na kalsiamu. Kuyarudisha shambani ndiyo mbolea ya bei nafuu kuliko zote.

Kwa hiyo msomaji unayefikiria kuweka akiba yako kwenye ekari za mkonge, usianze kwa kuuliza bei ya miche. Nenda shambani kwako wakati wa masika na jembe. Chimba shimo la kina cha nusu mita, lijaze maji jioni, ulale. Ukikuta limekauka asubuhi, peleka udongo wake ukapimwe tindikali, kalsiamu na potasiamu, kisha panga ni nani atakayepalilia kwa miaka miwili ya mwanzo. Ukikuta maji bado yamesimama humo, panda mpunga.